Klabu Ikizama kwa Madeni: Namna ya Kumbana Mmiliki Bila Kuiua Timu

Mishahara ya wachezaji ikichelewa, mashabiki hukimbilia uwanjani na mabango. Ni haki yao, ila mara nyingi kufikia siku hiyo ugonjwa una mwaka mzima mwilini na mmiliki keshajiandalia majibu. Mmiliki mbaya hubanwa na mashabiki wanaozijua hesabu zake, waliojisajili kisheria, na wenye mfuko tayari wa kuipokea klabu siku akiiachia. Kazi yenyewe inaelezwa hapa chini kwa mpangilio wa kuifanya. Sheria na kanuni zinazotajwa ni za England, kwa sababu klabu nyingi za huko zimepita njia hii na rekodi zake ziko wazi. Shabiki wa nchi nyingine atafute ofisi zinazolingana nazo: msajili wa makampuni, msajili wa ardhi, mahakama na shirikisho la soka.

Anzeni na makaratasi

Makampuni ya Uingereza huwasilisha hesabu zao Companies House, yaani ofisi ya msajili wa makampuni, na tangu 2015 yeyote anazisoma bure mtandaoni. Tafuteni jina la kampuni, si jina la timu tu. Klabu moja inaweza kuwa na kampuni tatu au nne juu yake na pembeni yake: inayoendesha timu, inayomiliki uwanja, kampuni mama, na nyingine iliyosajiliwa ng'ambo ambako hesabu hazionekani. Chukueni karatasi kubwa mchore nani anamiliki nani. Kila mshale uwe na asilimia ya hisa na tarehe. Mchoro huo mtautumia mpaka mwisho.

Kampuni binafsi ina miezi 9 baada ya mwaka wake wa fedha kuisha kuwasilisha hesabu. Ikichelewa hutozwa faini inayoanzia pauni 150 na kufika pauni 1,500 ikipita miezi sita. Kwa klabu hizo ni pesa za chai, kwa hiyo mkiona hesabu hazijaja, msidhani mhasibu amesahau. Huenda mkaguzi amekataa kusaini, au kuna jambo ambalo mmiliki hataki lisomwe kabla tiketi za msimu hazijauzwa. Andikeni barua kuuliza, na barua hiyo iwe ya wazi.

Hesabu zikishapatikana, msianzie kwenye faida na hasara. Anzeni na ripoti ya mkaguzi, mtafute aya inayosema kuna shaka kubwa kama kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake. Mara nyingi aya hiyo husema klabu inategemea ahadi ya mmiliki kuendelea kutoa fedha. Someni ahadi yenyewe ni ya miezi mingapi na kama imeandikwa kwa namna inayomfunga. Kisha nendeni kwenye madeni yanayotakiwa kulipwa ndani ya mwaka mmoja, mlinganishe na fedha taslimu pamoja na yale ambayo klabu yenyewe inawadai wengine.

Chukueni mfano wa hesabu tu: mapato milioni 20, mishahara milioni 24, deni la ndani ya mwaka milioni 30, fedha benki milioni 1. Klabu hii inapungukiwa milioni 4 kwa mishahara peke yake, kabla haijalipa umeme, polisi wala nauli. Kama mwaka huo imeandika faida, tafuteni ilikotoka. Mara nyingi ni mchezaji aliyeuzwa au uwanja uliouzwa. Derby County waliuza uwanja wao wa Pride Park mwaka 2018 kwa kampuni ya mmiliki wao huyohuyo, Mel Morris, kwa zaidi ya pauni milioni 80, na Sheffield Wednesday wakauuza uwanja wao wa Hillsborough kwa kampuni ya mmiliki wao, Dejphon Chansiri, kwa pauni milioni 60. Faida ya namna hiyo huja mara moja tu, kwa hiyo iondoeni kwenye hesabu mwone klabu inapata hasara kiasi gani kwa kawaida.

Ukurasa ambao mashabiki wengi huuruka ni ule wa dhamana. Kila mkopo uliowekewa dhamana husajiliwa Companies House ndani ya siku 21, na hati yake inaonyesha nani kakopesha na kipi kimewekwa rehani: uwanja, kiwanja cha mazoezi, fedha za televisheni zijazo, au malipo ya mchezaji aliyeuzwa kwa awamu. Angalieni kama mkopeshaji ni mmiliki mwenyewe. Mmiliki mwenye dhamana atasimama mstari wa mbele klabu ikifilisika, huku akisema kwenye vyombo vya habari kwamba amepoteza mamilioni kwa mapenzi yake kwa timu. Mwisho, lipieni nakala ya hati ya uwanja kwa msajili wa ardhi. Ni pauni chache, na inamaliza ubishi wa miaka.

Ishara za hatari na mahali zinapoonekana

Mtu mmoja kwenye kundi lenu apewe kazi ya kukagua sehemu nne kila wiki. Ya kwanza ni The Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambako ombi la kuifilisi kampuni hutangazwa siku za kazi zisizopungua saba kabla ya kusikilizwa. Mwombaji mara nyingi huwa HMRC, mamlaka ya kodi. Tangazo likitoka, benki kwa kawaida huzuia akaunti, kwa sababu sheria ya ufilisi ya 1986 inaweza kubatilisha malipo yaliyofanywa baada ya ombi kuwasilishwa. Ndiyo maana klabu inaweza kuwa na fedha za mechi ya Jumamosi na bado ikashindwa kulipa mishahara Jumatatu.

Ya pili ni orodha ya EFL, waendeshaji wa ligi za daraja la pili mpaka la nne, ya klabu zilizofungiwa kusajili, ambayo hutaja na sababu: hesabu hazijawasilishwa, kodi haijalipwa, au klabu nyingine inadai. Ya tatu ni orodha ya FIFA ya klabu zilizozuiwa kusajili kwa madeni. Ya nne ni kalenda ya mishahara. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji ambaye hajalipwa mishahara isiyopungua miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na asipolipwa akavunja mkataba kwa sababu halali. Kwenye vitabu vya klabu, mchezaji ndiye mali inayouzika haraka. Wakianza kuondoka bure, hata mnunuzi mwema atapunguza bei au ataondoka.

Kuweni na chombo cha kisheria mapema

Kundi la mtandaoni lenye watu elfu kumi haliwezi kufungua akaunti, kusaini mkataba wala kuingia mahakamani. Muundo uliozoeleka England ni ushirika wa manufaa ya jamii chini ya sheria ya 2014: wanachama watatu wanatosha kuanzisha, kila mtu ana kura moja hata akiwa na hisa ngapi, na husajiliwa na FCA, mamlaka ya kusimamia huduma za fedha. Football Supporters' Association, chama cha mashabiki wa soka, wana katiba za mfano, kwa hiyo hamna haja ya kumlipa wakili aandike upya kila kitu. Ushirika wa kwanza wa aina hii ulianzishwa na mashabiki wa Northampton Town mwaka 1992, klabu yao ilipokuwa inakufa kwa madeni.

Kamati iwe na mhasibu mmoja na mwanasheria mmoja wanaojitolea, na msemaji mmoja. Mmoja tu. Wakiwa watatu, mmiliki atamchagua aliye mlaini, amwite chai, kisha atangaze kuwa amezungumza na mashabiki.

Fedha ndiko makundi mengi huvunjikia. Msikusanye pesa taslimu kabla hamjajua mnanunua nini. Anzeni na ahadi: jina, kiasi, na saini kwamba mtu atalipa klabu ikipatikana kwa masharti yaliyoandikwa. Mkifika kwenye kukusanya kweli, fedha zikae akaunti ya wakili inayojitegemea, zitolewe kwa saini za watu wasiopungua wawili, na masharti ya kurudisha yatangazwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Mfuko wa gharama za kesi na wataalamu uwe tofauti kabisa na mfuko wa kununua hisa, maana wa kwanza haurudi.

Portsmouth ndio mfano wa kujifunzia. Klabu ilikabidhiwa wasimamizi wa ufilisi mwaka 2010, ikarudi tena hukohuko 2012. Ushirika wa mashabiki uliuza hisa za pauni 1,000 kila moja, na wasio na kiasi hicho wakaungana vikundi kununua moja. Kikwazo kikubwa kilikuwa dhamana iliyoshikiliwa na kampuni ya mmiliki wa zamani juu ya uwanja wa Fratton Park. Mkwamo huo ulimalizwa mahakamani kwa makubaliano Aprili 2013, klabu ikawa ya mashabiki. Mwaka 2017 wenye hisa walipiga kura kuiuzia kampuni ya Michael Eisner, tajiri wa Marekani, wakati huo klabu haina madeni ya zamani. Bila ahadi zile kuandikwa na kuhesabiwa miezi mingi kabla, msimamizi asingewasikiliza.

Kususia, na namna ya kususia vizuri

Kususia mechi za nyumbani ni silaha yenye makali mawili, na wanaosema haifai kamwe wanakosea kama wanaosema inafaa siku zote. Swali la kwanza ni hili: pesa yenu inaingia lini na wapi? Tiketi za msimu hulipwa kabla ya msimu, na klabu iliyobanwa mara nyingi imeshazikopea. Aliyelipa Mei na akabaki nyumbani Oktoba hajamnyima mmiliki senti ya tiketi. Amemnyima chakula, vinywaji, maegesho na jezi, na ameacha kiti kitupu mbele ya kamera. Kwa hiyo tangazo la kususia lenye nguvu ni lile la kabla ya tiketi za msimu kufunguliwa, pamoja na masharti yaliyoandikwa ya kurudi. Masharti yawe yanayopimika: hesabu ziwasilishwe, uwanja urudishwe kwa klabu, bei ya kuuza itangazwe. "Mmiliki aondoke" peke yake halitoshi, kwa sababu siku akimuuzia rafiki yake mtabishana kama ameondoka.

Mechi za ugenini ni jambo jingine. Kwenye ligi ya England mapato ya mlangoni hubaki kwa timu mwenyeji, hivyo shabiki anaweza kuisindikiza timu yake ugenini bila kumjaza mmiliki mfuko. Mashabiki wa Blackpool walifanya hivyo kwa miaka chini ya kaulimbiu ya kutotoa hata senti moja zaidi kwa familia ya Oyston, wamiliki wa klabu. Ilikuwa kazi ndefu na chungu, na iliwagawa ndugu na marafiki. Novemba 2017 mahakama iliamuru Valeri Belokon, mwenye hisa wa upande wa pili, alipwe zaidi ya pauni milioni 31. Deni hilo lilipokwama, mahakama iliteua mpokezi, yaani mtu wa kushika mali za mdaiwa, Februari 2019, na tarehe 9 Machi mashabiki wakarudi kwa maelfu dhidi ya Southend. Angalieni kilichoamua: hukumu juu ya namna fedha za klabu zilivyotumika. Kususia kulimpunguzia mmiliki pumzi wakati kesi inaendelea.

Madhara yake myajue kabla. Wanaoumia kwanza ni wafanyakazi wa siku ya mechi na wa ofisini. Ikiwezekana, fungueni mfuko mdogo wa kuwasaidia wakati mishahara imekwama, ulipwe kwao moja kwa moja bila kupitia klabu. Na msimtukane shabiki anayeingia uwanjani na mtoto wake. Mtamhitaji siku ya kuuza hisa.

Ikitokea mmiliki anawaomba ninyi mashabiki mchange ili alipe kodi au mishahara, kama Chansiri alivyofanya mwaka 2023 akitaka pauni milioni 2, jibu liwe na masharti: kwa hisa zipi, kwa dhamana ipi, na nani atakagua matumizi. Asipojibu kwa maandishi, msichange.

Maandamano na maneno

Kuingia kwenye kiwanja cha kuchezea na kurusha vitu ni makosa ya jinai chini ya sheria ya soka ya 1991, na anayehukumiwa anaweza kuzuiwa kwenda mechi kwa miaka. Mechi ya Reading na Port Vale ilivunjika Januari 2024 baada ya mashabiki waliomchoka Dai Yongge, mmiliki wa Reading, kuingia uwanjani. Dunia iliona, ndiyo, lakini klabu iliyokwishakatwa pointi mara kadhaa iliwekwa kwenye hatari ya adhabu nyingine. Njia salama zaidi zipo: kuondoka wote dakika iliyotangazwa, kuingia wote kwa kuchelewa, kugeuka na kuupa uwanja mgongo, mabango makubwa upande unaotazamana na kamera kuu. Ombeni mashabiki wa timu pinzani wajiunge. Charlton na Coventry walifanya hivyo Oktoba 2016, kila upande dhidi ya mmiliki wake. Nguruwe wa plastiki waliorushwa siku ile wasiigwe, ila umoja ule uigwe.

Maneno ndiyo hatari isiyoonekana. Wenye Blackpool waliwashtaki mashabiki kwa kuchafuliwa jina. Kanuni yetu ni rahisi: andika kilicho kwenye hati, taja hati na ukurasa, kisha toa maoni yako na useme ni maoni. "Hesabu za mwaka fulani, ukurasa wa 24, zinaonyesha klabu iliikopesha kampuni nyingine ya mmiliki milioni 5, na hatuoni zimerudi" ni sentensi inayosimama mahakamani. "Mwizi" haisimami, hata kama jukwaa zima linaimba. Wanaosimamia kurasa zenu za mtandaoni wafute matusi ya rangi na asili ya mmiliki siku hiyohiyo. Ni uovu, na pia humpa mmiliki kisingizio alichokuwa anakitafuta.

Uwanja kwanza

Chini ya sheria ya 2011, watu 21 wa eneo husika wanatosha kuiomba halmashauri iuorodheshe uwanja kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Orodha hudumu miaka 5. Mmiliki akitaka kuuza lazima aiarifu halmashauri, na mkisema ndani ya wiki 6 kwamba mnataka kujaribu kununua, mauzo husimama miezi 6. Mashabiki wa Oxford United na wa Manchester United waliitumia mwaka 2013. Sheria hiyo haimlazimishi mmiliki kuwauzia ninyi, na haizuii mkopeshaji kudai rehani yake, lakini miezi sita ni mingi kwa mtu anayehitaji pesa Ijumaa. Jazeni fomu hiyo leo hata kama klabu yenu iko salama. AFC Wimbledon, timu iliyoanzishwa na mashabiki, walichukua miaka 18 kurudi nyumbani kwao Plough Lane baada ya klabu yao kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes mwaka 2002.

Siku msimamizi wa ufilisi anapoingia

Kwenye EFL klabu hukatwa pointi 12, kwenye Ligi Kuu 9. Inauma, lakini siku hiyo mamlaka ya kuendesha klabu hutoka mikononi mwa mmiliki, na mbinu zenu zote zinageuka siku hiyohiyo. Kususia kunakoma. Nunueni tiketi, jezi, chakula, kila kitu, kwa sababu sasa pesa ndiyo inayomwezesha msimamizi kuendesha timu mpaka apatikane mnunuzi. Sheffield Wednesday waliposusia mechi ya nyumbani Oktoba 2025, siku mbili baadaye klabu ikaingia kwa msimamizi, na mashabiki walewale wakapanga foleni kwenye duka la klabu. Kuweni na tangazo la kugeuza msimamo limeandikwa tayari, lisubiri tarehe tu.

Ombeni kikao na msimamizi wiki ya kwanza. Nendeni na mchoro wenu wa makampuni, ahadi zenu zilizohesabiwa, na swali moja la msingi: klabu na uwanja vinauzwa pamoja au mbalimbali? Kazi yake kisheria ni maslahi ya wadai, si mapenzi yenu, kwa hiyo zungumzeni naye kwa lugha ya fedha. Jueni foleni ilivyo. Mwenye dhamana hupata chake kwenye mali aliyoshikilia, gharama za usimamizi hutolewa, wafanyakazi hupata kipaumbele kwa sehemu ya mishahara, na tangu Desemba 2020 HMRC nao wana kipaumbele kwa baadhi ya kodi. Kanuni za soka zinataka wachezaji na klabu nyingine walipwe kikamilifu. Wadai wa kawaida, yaani kampuni ya usafi, mchapishaji, mwenye basi, hugawana kinachobaki. EFL inataka hao wapate angalau senti 25 kwa kila pauni, la sivyo mnunuzi anaweza kuanza na kukatwa pointi 15 nyingine. Ofa yenu isipofika hapo, timu inaweza kushuka daraja mkiwa ninyi ndio wamiliki.

Mnunuzi anayekuja na skafu shingoni

Tajiri mpya hupokewa kwa nyimbo, na hapo mashabiki hulegeza kamba mapema mno. Bury iliuzwa kwa pauni 1 Desemba 2018. Tarehe 27 Agosti 2019 ilifukuzwa EFL, klabu iliyoanzishwa 1885. Muulizeni kila mnunuzi kwa maandishi: nani hasa nyuma ya kampuni, fedha zimetoka wapi, ziko benki gani na kwa jina la nani, ataendesha kwa miezi mingapi bila mapato mapya, anaweka mtaji au anakopesha, ataweka rehani nini, uwanja umo? Pitieni makampuni yake ya zamani, mhesabu yaliyofutwa na yaliyofilisiwa. Tangu sheria ya usimamizi wa soka ya 2025 kupitishwa England, kuna mdhibiti huru mwenye mamlaka ya kuwapima wamiliki. Mpelekeeni hati mlizokusanya zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

Ikishindikana kabisa

Timu mpya ina haja ya jina, uwanja wa kuazima, na maombi ya ligi yaliyopelekwa kwa wakati. Ukikosa tarehe ya maombi, msimu mzima umepita na watu wametawanyika. Mashabiki wa Bury walianzisha Bury AFC, wakaingia daraja la kumi msimu wa 2020/21, huku kundi jingine likipigania Gigg Lane, uwanja wa zamani wa Bury, na kuupata 2022. Kisha pande mbili zikalazimika kuungana. Kura ya kwanza ilishindwa kwa sababu upande mmoja haukufika kiwango cha kura kilichotakiwa, ikarudiwa 2023. Kama mnaanza na makundi mawili, andikeni kwenye katiba zote mbili, tangu siku ya kwanza, ni kura ngapi zitatosha kuwaunganisha.